Joka Linakula Nini? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Viumbe wa Fantasia

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa waandishi wa riwaya, nyingine kwa wachoraji na watunzi wa michezo ya mezani. Tumezifupisha, na majina tumeyaacha kando.

SWALI: Naandika riwaya yangu ya kwanza ya fantasia. Nimeorodhesha viumbe 43, majoka, grifini (simba mwenye kichwa na mabawa ya tai), finiksi (ndege anayezaliwa upya motoni), majitu, nguva, wanyonyadamu na wengineo, kila mmoja na ukurasa wake. Rafiki aliyesoma rasimu kaniambia nimefungua bustani ya wanyama. Nani abaki, nani aondoke?

JIBU: Idadi iache kwanza. Chukua kiumbe mmojammoja, mfute kabisa kwenye rasimu, halafu tazama kimebomoka nini. Ukimfuta grifini na zikapotea aya mbili za mandhari tu, huyo alikuwa pambo. Ukilifuta joka na ghafla hakuna sababu ya mji kuchimbwa chini ya mwamba, wala ya wafugaji kuchunga usiku badala ya mchana, joka hilo ni la ulimwengu wako na halina budi kubaki.

Lifanye jaribio kwa karatasi na kalamu. Kila kiumbe mpe mistari minne. Wa kwanza: anakula nini, na kiasi gani. Wa pili: anaacha alama gani hata asipoonekana, kama vile kinyesi, magamba, mifupa iliyotafunwa, miti iliyokwanguliwa magome. Wa tatu: watu wamebadilisha nini kwa ajili yake, katika nyumba, saa za kazi, sheria, hata matusi. Wa nne: nani anafaidika naye. Huu wa mwisho ndio unaowatoa jasho waandishi wengi, na ndio wenye visa. Ikiwa kuna kiumbe anayetisha, basi yupo anayeuza dawa ya kumfukuza, yupo anayekusanya kodi ya ulinzi, na yupo asiyetaka auawe. Kiumbe ambaye hukuweza kumjazia walau mistari mitatu, mshushe awe tetesi, jina linalotajwa na wasafiri na hakuna aliyemwona. Tetesi hata 30 ulimwengu wako utazibeba bila kuyumba.

Kwa riwaya moja ya urefu wa kawaida, viumbe watatu au wanne wanaofanya kazi kweli wanatosha. Wasiwe wa kazi moja. Awepo wa kuogopwa, awepo wa kujadiliana naye, na awepo mdogo msumbufu ambaye watu wanaishi naye kama wanavyoishi na panya. Huyo mdogo ndiye anayesahaulika mno, na ndiye anayemshawishi msomaji kuliko joka, kwa kuwa huonekana kila siku. Mwandike mama anayeweka jiwe juu ya kifuniko cha chungu kwa sababu kuna viumbe wanaojua kufunua. Usieleze zaidi ya hapo.

Kumleta yule wa kuogopwa kuna somo zuri katika ngano ya nunda mla watu, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Kiswahili. Nunda anaanza akiwa paka wa sultani. Anakula mnyama mdogo wa kufugwa, sultani anasema paka ni wake na mnyama ni wake. Anapanda hadi kwenye mifugo mikubwa, jibu ni lilelile. Mwisho anafika kwa watu, na kwa watoto wa sultani mwenyewe. Ukubwa wa nunda hauelezwi kwa vipimo, unapimwa kwa mlo wake. Kisha kijana anayekwenda kumsaka anarudi na mnyama baada ya mnyama akidhani ndiye, na kila mara mama yake anamwambia siye. Kufikia siku anayokutana naye, msikilizaji keshapewa orodha nzima ya wanyama ambao nunda amewapita.

SWALI: Joka langu lina tani 2, linaruka, linatema moto, na nchini mwangu yako mengi. Msomaji wa rasimu kauliza yanakula nini. Nimjibuje?

JIBU: Mjibu kwa hesabu. Ni swali la haki, na hesabu yake itakuzalia visa ambavyo hukuvipanga.

Anza na tumbo. Utafiti wa ikolojia uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba, kwa wanyama wala nyama wadogo kwa wakubwa, kila kilo 10,000 za mawindo hubeba takriban kilo 90 za wanaowala. Angalia vizuri: hizo kilo 10,000 ni kundi linaloishi na kuzaana mwaka hadi mwaka, si nyama inayoingia mdomoni. Joka la kilo 2,000 basi linahitaji kundi la kilo 222,000 hivi. Ukikadiria ng'ombe mmoja kuwa kilo 250, hao ni ng'ombe 890 nyuma ya joka moja. Tuseme malisho yako yanabeba ng'ombe 10 kwa kilomita ya mraba. Joka moja litatawala kilomita za mraba 89, yaani duara lenye kilomita 5 na ushei kutoka pangoni hadi ukingoni.

Mpaka hapo si mbaya. Sasa "yako mengi". Wahifadhi wa wanyamapori wana kanuni ya tangu mwaka 1980: kundi la wazazi wasiofika 50 huharibika upesi kwa ndugu kuzaa na ndugu, na kwa usalama wa muda mrefu hutajwa 500. Chukua hao 50 tu. Unahitaji ng'ombe 44,500 na kilomita za mraba 4,450 ambazo kila mfugaji anazigombea na mdomo wenye moto. Eneo hilo lichore kwenye ramani kabla hujachora kijiji hata kimoja. Kosa tunaloliona mara nyingi ni ufalme tajiri wa mifugo uliolala ubavuni mwa milima ya majoka, na hakuna aliyewahi kugombana.

Kama hesabu inakubana, lipe joka damu baridi. Mnyama wa damu baridi hula takriban sehemu moja ya kumi ya anachokula mwenzake wa damu moto mwenye uzito uleule, kwa hiyo ng'ombe 890 wanashuka kuwa 90 hivi. Joka wa Komodo, yule mjusi mkubwa wa Indonesia, anaweza kumeza mlo mmoja unaofikia asilimia 80 ya uzito wake na akaishi kwa milo kama 12 kwa mwaka. Lakini damu baridi ina deni lake. Alfajiri joka ni zito, halijapata jua. Baada ya kula ni zito zaidi. Kwenye milima ya barafu halipo kabisa. Wawindaji wako watalijua hilo vizuri, na watakwenda kwa saa na majira badala ya kwenda kwa upanga wa ajabu.

Kuruka ni kugumu zaidi. Galileo alikwisha kueleza sababu mwaka 1638: ukikuza umbo mara mbili kila upande, uzito unakua mara 8 na eneo linakua mara 4 tu. Bawa ni eneo. Kila joka linapokuzwa, kila kipande cha bawa kinabebeshwa mzigo mkubwa zaidi. Mnyama mkubwa kuliko wote waliowahi kuruka tunaowafahamu, Quetzalcoatlus wa enzi za dinosaria, alikuwa na mabawa ya takriban mita 10 kutoka ncha hadi ncha na uzito unaokadiriwa kuwa kilo 200 hadi 250. Joka lako limemzidi mara 8 au zaidi. Kwa hiyo chagua: lipunguze lifike kilo 200, na bado litakuwa la kutisha likitua uani. Au liwe la kupaa kutoka majabali tu, lisiloweza kunyanyuka kutoka tambarare, na hapo kila mtu atajenga tambarare. Au liruke kwa uchawi, lakini uchawi ulipiwe, na msomaji aijue bei kabla ya sura ya mapigano.

Moto una mfano hai. Kuna mbawakawa anayehifadhi kemikali katika kifuko kimoja na vichocheo vyake katika kingine, na kuvikutanisha anaposhambuliwa. Kinachotoka nyuma yake kinakaribia nyuzi 100 za Selsiasi. Vifuko viwili, tundu moja, na akiba inayokwisha. Jambo la akiba ndilo la kushikilia. Mnyama wa damu moto wa kilo 2,000, kwa kanuni ya Kleiber, inayokadiria matumizi ya nishati kwa uzito wa mnyama, hutumia takriban kilokalori 21,000 kwa siku akiwa amelala tu. Joka likitema kilo 10 za mafuta ya mwilini kwa mkupuo mmoja, limetupa kilokalori 90,000, chakula cha zaidi ya siku nne. Joka lenye akili halichomi kijiji kwa hasira. Linachoma mara moja, mahali panapoonekana na wengi, kisha linaishi kwa sifa. Na askari wako wakongwe watajua kuhesabu mikupuo.

SWALI: Mimi ni mchoraji. Joka liwe na miguu minne na mabawa, au miguu miwili na mabawa? Na kwa nini sentauri wangu, yule nusu mtu nusu farasi, anaonekana kama watu wawili waliogundishwa?

JIBU: Katika sanaa ya ngao za Uingereza, joka lina miguu minne na mabawa, la miguu miwili ni kiumbe mwingine mwenye jina lake. Kimaumbile, wanyama wote wa nchi kavu wenye uti wa mgongo wametokana na mababu wa viungo vinne, kwa hiyo la miguu miwili ndilo linalokaa kwa urahisi pamoja na farasi na mbwa wa picha yako. La viungo sita halikatazwi, ila lipe jamaa. Kama nchini mwako kuna mjusi au popo wa viungo sita akitambaa ukutani, jicho la mtazamaji litakubali.

Ukichora la viungo sita, liandalie mabega mawili. Mabawa hayaoti mgongoni kama masikio. Yanahitaji ubapa wa bega wa pili nyuma ya ule wa miguu ya mbele, na mbavu ndefu za kuubeba. Kisha kifua. Ndege wengi wanaoruka wana misuli ya mabawa inayofikia asilimia 15 hadi 25 ya uzito wao, imeshikiliwa na mfupa wa kidari uliochomoza kama mkuku wa jahazi. Majoka mengi tunayoletewa yana kifua cha mbwa wa mbio na mabawa ya meli. Nenepesha kifua kwanza, na nusu ya tatizo imekwisha.

Sentauri wako ameungana vibaya kiunoni. Mahali pa kuungana ni pale shingo ya farasi inapoota. Kiwiliwili cha mtu kichukue mwinamo wa shingo hiyo, kielekee mbele kidogo, kisisimame wima kama mshumaa. Na fikiria chakula: farasi wa kilo 500 anahitaji takriban kilo 10 za malisho makavu kwa siku, na malishoni hutafuna zaidi ya nusu ya siku. Kwa mdomo na meno ya mtu haiwezekani. Mpe taya pana, au mpe nafaka iliyopikwa na watu wa kumpikia. Sufuria mgongoni mwa sentauri shujaa inachekesha kidogo, lakini inaaminika.

SWALI: Naweza kuchanganya joka la Kichina, grifini wa Wagiriki na viumbe wa Kihindi katika nchi moja?

JIBU: Unaweza, ukiwahamisha pamoja na vitu vyao. Joka la Kichina ni la maji: mvua, mito na bahari viko mikononi mwake, na watu huliomba. Joka la hadithi za Ulaya hulalia hazina na huchoma. Kwa tabia hao si jamaa hata kidogo, na kuwaita wote "joka" katika kitabu kimoja ni kujitafutia matatizo. Mmoja mpe jina lingine.

Wengine huja wawiliwawili. Garuda, ndege mkuu wa Kihindi, ni adui wa naga, wale nyoka wenye enzi. Ukimchukua mmoja, mwingine anabisha hodi. Basiliski, kadiri mwandishi wa Kirumi Plinio Mkubwa alivyomweleza katika karne ya kwanza, ni nyoka mdogo asiyezidi urefu wa vidole 12 anayeua kwa macho, na harufu ya kicheche ndiyo inayomuua. Ukimleta basiliski bila kicheche umeleta kufuli bila ufunguo. Rukhu, ndege anayebeba tembo, amefungwa na tembo: kwenye visiwa visivyo na mnyama mkubwa wa kunyakuliwa, ukubwa wake hauna kazi. (Marco Polo alimsimulia karibu na Madagaska, na kweli Madagaska palikuwa na ndege mkubwa mno, Aepyornis, mwenye mayai ya zaidi ya sentimita 30, ila huyo hakuruka.)

Finiksi mwache awe peke yake. Herodoto, mwanahistoria wa Kigiriki, anasema huonekana mara moja kila miaka 500 huko Heliopolis, Misri. Ukiandika kundi la finiksi umeandika kuku wa moto.

Njia rahisi ya kuwapanga ni kwa maji, mwinuko na baridi badala ya kwa "mataifa". Wa mvua mabondeni, wa mabawa majabalini, wa sumu majangwani. Halafu tafuta mpaka mmoja tu ambapo wawili wanakutana, na hadithi iende huko.

SWALI: Naandika kwa Kiswahili na majina yananishinda. Wale watu wafupi wa migodini niwaite mbilikimo? Wale wa msituni wenye masikio marefu je? Na ni "joka lilikuja" au "joka alikuja"?

JIBU: Mbilikimo hapana. Neno hilo limetumika kwa watu halisi walio hai, na "kibeti" nalo ni tusi kwa watu halisi. Waite kwa kazi au makao yao: wachimbamwamba, watu wa chini. Wale wa msituni, waandishi wengine wamejaribu "elfi". Litamke kwa sauti: "elfi elfu mbili waliwasili." Msomaji atarudi nyuma kutafuta kosa la chapa. Tunga jina jipya kutokana na walivyo.

Kabla ya kukopa, pekua kabati la nyumbani. Jitu ni mtu mkubwa kupita kiasi. Zimwi hula watu na huweza kuongea. Dubwana ni kubwa lisilo na umbo la kueleweka. Chunusi huvuta waogeleaji chini. Mzuka hutokea na kutoweka. Kila moja lina kazi yake tayari, na ukiliweka kwa kiumbe wa kazi nyingine msomaji atahisi limekaa upande. Nguva ni mtego mzuri: neno moja ni la mnyama halisi wa baharini anayekula nyasi za majini, na ni la yule mwanamke mwenye mkia wa samaki. Hata Columbus, Januari 1493, aliandika kuwa ameona watatu na kwamba si wazuri kama wanavyochorwa. Yaelekea aliona jamaa wa yule mla nyasi. Kwa hiyo mara ya kwanza unapomtaja, onyesha mikono au mapezi katika sentensi hiyohiyo.

Sasa upatanisho, na hapa Kiswahili kinakupa chombo ambacho lugha nyingi hazina. Sarufi ya shule itakuambia kila kiumbe hai ni A-WA. Lakini methali inasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na sikio la kila mtu linakubali. Majina ya ukubwa kama joka, jitu, zimwi na dubwana hupokea LI-YA, na LI-YA humweka kiumbe mbali na utu. Tumia hilo kwa makusudi. "Joka lilitoka pangoni, likanusa hewa, likageuza shingo." Kisha linafungua kinywa: "'Umechelewa,' joka akasema." Silabi moja imebadilika na msomaji amestuka bila kujua kwa nini. Ila badilisha mara moja tu, mahali pamoja, na mwandikie mhariri wako barua mapema. La sivyo atakusahihishia kitabu kizima.

SWALI: Kiumbe wangu hashindiki. Nimpe udhaifu gani usiochosha?

JIBU: Udhaifu utoke katika tabia yake, usitoke dukani kwa fundi silaha. Kapa wa Japani, kiumbe wa mitoni, ana kisahani cha maji utosini na adabu nyingi. Ukimwinamia kwa heshima naye huinama, maji yanamwagika, nguvu zinamwisha. Hapo kuna mwili, tabia na njia ya kumshinda katika tendo moja, na mtoto anaweza kulifanya. Tengeneza wa kwako kwa mfano huo: tafuta anachojivunia, kisha tafuta tendo la kawaida linalokigeuza kuwa hasara.

Usiogope kuacha udhaifu uliozoeleka. Mnyonyadamu kuuawa na jua si sheria ya kale. Katika riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897 anatembea mchana, amepungukiwa nguvu tu. Kufa kwa jua kulienea kutokana na filamu ya Kijerumani ya mwaka 1922. Ukikiondoa kipengele kama hicho, liseme hilo mapema, kabla msomaji hajaanza kungoja mapambazuko.

SWALI: Majini nao wanaruhusiwa?

JIBU: Swali la kujiuliza ni nani anawaamini leo. Zimwi na nunda ni wa ngano, wachukue. Majini ni suala jingine. Kwa Waislamu wameumbwa kwa moto usio na moshi, wana hiari, wana jamii zao, wamo waumini na wamo waovu. Ukimfanya jini mtumwa wa taa anayetoa matakwa matatu, umetupa karibu yote yanayomfanya awe wa kuvutia. Ukitaka kumwandika, mwandike kama raia wa taifa jirani lisiloonekana, mwenye jina, ukoo, imani na madeni. Kama unachohitaji ni moshi na matakwa tu, buni kiumbe wako na umpe jina lako.

Wapo ambao tungekushauri uwaache. Wachawi wanaojigeuza wanyama katika mila za Wanavajo wa Marekani, wenyewe hawapendi hata kuwazungumza. Popobawa, anayesemekana kuvamia watu usiku, naye: hofu yake ya mwaka 1995 Pemba na Unguja iliwagusa watu walio hai, na waliosema wamedhuriwa hawakuwa wahusika wa hadithi. Kumleta kama kichekesho ni ukatili. Unachoweza kuchukua ni jinsi hofu inavyofanya kazi, watu kulala nje pamoja, majirani kushukiana, na ukampa kiumbe mwingine kabisa.

SWALI: Farasi wa pembe moja amechosha?

JIBU: Yule mweupe wa upinde wa mvua, ndiyo. Yule wa asili, hapana. Ktesia Mgiriki, yapata mwaka 400 KK, alimweleza kama punda-mwitu wa India, mkali, asiyekamatika akiwa hai, na kikombe cha pembe yake kikiwakinga watu na sumu. Pembe zilizouzwa Ulaya kwa karne nyingi zilikuwa za nyangumi wa kaskazini aitwaye narwali, jambo alilolionyesha Ole Worm wa Denmark mwaka 1638. Andika biashara hiyo: muuza pembe, mfalme anayeogopa sumu, na msomi anayekuja na fuvu la nyangumi chini ya kwapa.

SWALI: Nitajuaje kiumbe ana mwenyewe kisheria?

JIBU: Joka, grifini, finiksi, zimwi, jitu, sentauri, nguva: hawana mwenyewe. Wenye mashaka ni waliobuniwa na mtu anayejulikana katika karne ya 20 na baadaye. Hobbit, mtu mfupi mpenda chakula, alitokea katika kitabu cha mwandishi Mwingereza Tolkien mwaka 1937, na miaka ya 1970 wachapishaji wa mchezo maarufu wa mezani walilazimika kulifuta jina hilo katika vitabu vyao na kuweka jingine. Watu wafupi wapenda chakula hawakukatazwa. Jina ndilo lililokatazwa. Tafuta maandishi ya kabla ya mwaka 1900 yanayomtaja kiumbe huyo. Ukiyapata, tumia kilichomo humo tu, kwa sababu rangi, silaha na mavazi aliyoongezwa baadaye na studio fulani bado yanaweza kuwa na mwenyewe. Usipoyapata, badilisha jina na umbo kabla ya kumlipa mchoraji wa jalada.